Tarehe Mbili za Seva Moja

Tumezoea mihadhara ya teknolojia inayozungumzia miaka ishirini ijayo. Leo tutazungumzia mashine iliyofika jana, ingali ndani ya boksi lake, na mkuu wa idara anataka iwe imeanza kazi Jumatatu.

Nianze na safari moja. Mwaka 2020 chuo kimoja cha bara kiliniita niwasimikie seva. Mashine ilikuwa mpya kabisa, plastiki ya kiwandani haijabanduliwa. Niliwasili kwa basi jioni nikiwa na flashi yenye mfumo endeshi wa Debian 10, toleo ambalo nilikuwa nimelisakinisha mara nyingi bila taabu. Nikachomeka flashi, nikawasha, nikachagua lugha, nikachagua kibodi. Hatua iliyofuata, kisakinishi kikaandika kwamba hakikuona kadi yoyote ya mtandao, kikanipa orodha ndefu ya draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, ili nichague mwenyewe. Waya wa mtandao ulikuwa umechomekwa na taa ya kijani ya tundu lake inawaka. Nikaipitia orodha yote mara mbili. Draiva ya kadi ile haikuwemo.

Mkuu wa maabara, mama mmoja mtaratibu sana, akaniuliza: "Mwanangu, tumeuziwa kitu kibovu?" Nikamjibu, "Hapana, mama, si kibovu." Lakini kama si kibovu ni nini, sikuweza kumweleza, na usiku ule nililala nikijua kwamba nimefanya kazi hii miaka mingi bila kuielewa vizuri. Maneno yangu ya leo ndiyo jibu nililostahili kumpa.

Jibu lenyewe ni tarehe mbili. Debian 10 ilitoka tarehe 6 Julai 2019. Hiyo ndiyo tarehe inayotangazwa. Ndani yake, hata hivyo, kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachozungumza na vifaa vya mashine moja kwa moja, na kiini hicho kilikuwa Linux 4.19, kilichotoka Oktoba 2018. Sasa tazama upande wa mashine. Tundu lake la mtandao lilikuwa la kizazi kipya, la kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde. Draiva ya Linux kwa kadi za Intel za kasi hiyo, iitwayo igc, iliingia katika Linux 4.20, Desemba 2018. Kwa upande wa Realtek, kadi ya RTL8125 iliongezwa kwenye draiva ya zamani ya r8169 katika Linux 5.4, Novemba 2019. Kwa hiyo tundu la mtandao liwe la nani, jambo ni lilelile: kerneli niliyoibeba kwenye flashi ilizaliwa kabla ya draiva iliyohitajika. Kwa upande wa Intel, draiva ilichelewa kwa miezi miwili tu.

Mama yule alikuwa na mashine nzima, nami nilikuwa na mfumo mzima. Vilikuwa havijawahi kukutana. Nikishamaliza kuzungumza leo, naomba mbaki na hilo: mnapotaka kujua kama mfumo endeshi utakubali mashine fulani, msiulize toleo la ngapi, ulizeni kerneli yake ilitoka lini na kifaa kilitoka lini. Ukishaziweka tarehe hizo mbili moja pembeni mwa nyingine, mengi utayajua kabla hujafungua boksi.

Kwa wanafunzi ambao mambo haya ni mageni kwao, niseme kidogo. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, alipotangaza tarehe 25 Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo endeshi wake. Alichoandika ni kerneli, ndiyo hiyo Linux. Kerneli peke yake haitoshi kuendesha seva. Inahitaji maelfu ya programu nyingine zilizopangwa na kupimwa pamoja. Ian Murdock alianzisha kazi hiyo ya kupanga na kupima tarehe 16 Agosti 1993, akaiita Debian kwa kuunganisha jina la Debra, aliyekuwa mchumba wake, na lake. Mpaka leo Debian haimilikiwi na kampuni. Inaendeshwa na watu wanaojitolea, wana katiba yao, na mambo mazito huyapigia kura.

Debian ina desturi moja ambayo vijana huidhania uvivu. Toleo imara likishatoka, halibadiliki tena isipokuwa kwa kurekebisha kasoro na kuziba matundu ya usalama. Debian 11 ilitoka tarehe 14 Agosti 2021 ikiwa na Linux 5.10, ikakaa nayo. Debian 12, tarehe 10 Juni 2023, ina 6.1. Debian 13, tarehe 9 Agosti 2025, ina 6.12. Wakati huohuo kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, bila kusimama, na viwanda vya vifaa havimsubiri mtu. Debian 11 ilikuwa na kerneli ya Desemba 2020. Miezi michache baada ya toleo hilo, Intel wakaingiza sokoni prosesa za kizazi cha 12, zenye viini vya aina mbili ndani ya chipu moja, vikubwa vya nguvu na vidogo vya kubana umeme. Kerneli ile iliandikwa kabla ya prosesa hizo kumfikia mnunuzi yeyote.

Je, desturi hii ni mbaya? Kwa seva, hapana, na nitaitetea mbele ya yeyote. Hospitali inayotunza kumbukumbu za wagonjwa, au SACCOS yenye hesabu za wanachama mia nane, haihitaji mfumo unaobadilika kila wiki tisa. Inahitaji ukiwasha leo, na mwakani, na mwaka wa tatu, tabia iwe ileile. Debian inalinda kila toleo kwa miaka mitatu, kisha kuna miaka miwili zaidi ya ulinzi wa muda mrefu. Utulivu huo ndio unaotufanya tulale. Gharama yake ni kwamba mlango wa kuingilia, siku ya kwanza, unaweza kuwa mwembamba kwa mgeni mwenye mizigo mipya.

Sasa tuingie ndani zaidi kidogo, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kerneli inamtambuaje mgeni? Kila kifaa kinachounganishwa kwenye njia ya PCI ya kompyuta kina namba mbili kilizopewa kiwandani: ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya kifaa chenyewe. Kila moja huandikwa kwa tarakimu nne za mtindo wa heksadesimali. Intel ni 8086, namba iliyotokana na prosesa yao ya mwaka 1978. Realtek ni 10ec. AMD ni 1022. Mashine inapowaka, kerneli hupita mlango kwa mlango ikibisha hodi na kuuliza, wewe ni nani? Kifaa hujibu kwa namba hizo mbili. Kisha kerneli huangalia majedwali ya draiva zake: nani kati yenu anamfahamu huyu? Draiva yenye namba hizo kwenye jedwali lake husimama na kumpokea mgeni. Isiposimama hata moja, kifaa hubaki kimya, kana kwamba hakipo.

Mnaweza kuyaona mazungumzo hayo wenyewe. Andikeni amri ya lspci -nnk. Itaorodhesha kila kifaa, namba zake mbili kwenye mabano ya mraba, na chini yake jina la draiva inayokitumikia. Mstari wa draiva ukikosekana, mmeshampata mgeni asiyepokelewa. Amri ya dmesg nayo itawasomea kumbukumbu ya kila kilichosemwa tangu mashine ilipowaka. Ninawaambia kwa uzoefu: fundi anayesoma dmesg kwa utulivu dakika kumi atamshinda anayesakinisha upya mara tano.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolijua. Mara nyingi kifaa kipya si kipya kwelikweli. Kiwanda kimechukua chipu ya mwaka juzi, kikairekebisha kidogo, kikaipa namba nyingine. Draiva iliyopo ingeweza kabisa kuitumikia, ila namba haimo kwenye jedwali lake, na kerneli haibahatishi. Dawa yake kwenye msimbo inaweza kuwa mstari mmoja tu: ile namba mpya. Linux hata imeweka dirisha la kujaribia bila kuandika msimbo wowote. Ndani ya folda ya kila draiva ya PCI, chini ya /sys/bus/pci/drivers, kuna faili liitwalo new_id. Ukiliandikia namba mbili za kifaa, draiva hiyo itajaribu kukipokea papo hapo. Ikifanya kazi, umegundua jambo ambalo watumiaji wengine wa mashine hiyo, popote walipo, wanalihitaji. Nitalirudia jambo hili mwishoni.

Narudi kwenye maabara ya chuo. Tulijiokoaje? Kwa simu. Asubuhi nilinunua bando, nikaunganisha simu na seva kwa waya wa USB, nikawasha kushiriki intaneti kupitia USB. Kerneli ya zamani ilikuwa haiijui kadi mpya ya mtandao, lakini njia ya kupitisha mtandao kwenye waya wa USB iliifahamu siku nyingi, na kisakinishi kikaiona simu kama kadi ya mtandao. Usakinishaji ukakamilika. Kisha nikaongeza hazina ya ziada iitwayo backports, ambamo Debian huweka programu mpya zilizoandaliwa upya ili zikae ndani ya toleo la zamani, nikasakinisha kerneli ya mfululizo wa 5 kutoka humo. Nikazima, nikawasha. Tundu la mtandao likaamka.

Njia hiyo ndiyo ninayoipendekeza mpaka leo kwa seva iliyo mbele ya wakati wake: toleo imara, na kerneli peke yake kutoka backports. Wapo wanaoona njia ya mkato ni kuchukua tawi la majaribio la Debian lote zima, kwa kuwa lina kila kitu kipya. Kwenye kompyuta yako ya mezani, fanya utakavyo. Kwenye seva ya watu wengine, hapana. Unatatua tatizo la kifaa kimoja kwa kuyumbisha programu elfu. Nanyi wa Ubuntu mna njia inayofanana: matoleo ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, na kisakinishi chake cha seva huwapa nafasi ya kuchagua kerneli mpya zaidi iliyoandaliwa kwa ajili ya vifaa vipya. Ichagueni pale tu mashine inapoidai. Na kumbukeni kwamba kerneli ya ziada inahitaji jicho la ziada: fuatilieni masasisho yake, na toleo imara linalofuata likitoka, hamieni.

Kadi ya mtandao hujulisha mapema kwamba haionekani. Diski huumiza zaidi. Unaweza kufika hatua ya kugawa diski ukakuta orodha ni tupu, ilhali ndani kuna diski ya NVMe mpya inayong'aa. Linux imezijua diski za NVMe tangu toleo la 3.3, mwaka 2012, kwa hiyo hapa usiilaumu kerneli. Mara nyingi chanzo ni mpangilio wa mazabodi. Kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye hali ya RAID ya Intel, ambayo huificha diski nyuma ya tabaka lingine. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, tafuta hali ya diski, iweke AHCI, toka, washa upya. Diski itajitokeza. Onyo moja zito: kama mashine ina Windows ambayo bado inahitajika, usibadilishe kabla hujaiandaa, maana inaweza kugoma kuwaka.

Halafu kuna mlango wenyewe wa kuingilia. Kompyuta za zamani ziliamshwa na BIOS. Za sasa huamshwa na UEFI, ambayo husoma sehemu ndogo ya diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT na kutafuta humo programu ya kuamshia mfumo. Faida mojawapo ni kuachana na jedwali la zamani la kugawa diski, ambalo lilikomea tebibaiti 2. UEFI ina mlinzi aitwaye Secure Boot. Mlinzi huyu hukubali tu programu iliyotiwa saini kwa ufunguo anaouamini, na ufunguo uliomo kwenye karibu kila mashine ni wa Microsoft. Kwa miaka mingi fundi wa Linux alizoea kumzima mlinzi huyu kabla ya kuanza kazi. Tangu Debian 10 si lazima tena: Debian hutumia programu ndogo iitwayo shim, iliyotiwa saini na Microsoft, ambayo nayo huihakiki kerneli ya Debian. Napenda mumwache mlinzi kazini. Ila angalieni tarehe hapa pia. Cheti cha Microsoft kilichotumika kusaini shim kilitolewa mwaka 2011 na mwisho wa muda wake ni Juni 2026. Mrithi wake ni wa 2023. Mashine inayoamini cheti kipya peke yake itaikataa flashi ya zamani hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Isitoshe, baadhi ya kompyuta mpya huja zikiwa zimefunga kabisa cheti cha Microsoft cha programu za watu wengine, na inabidi ukifungue kwenye mipangilio.

Sasa nifike kwenye suala lililowagawa Debian wenyewe, na lililonigawa mimi pia ndani ya nafsi yangu. Suala hilo ni fimwea.

Kadi nyingi za kisasa, za mtandao, za diski, za picha, zina kiprosesa kidogo ndani yake. Kiprosesa hicho kinahitaji programu yake chenyewe, na hiyo ndiyo fimwea. Zamani ilihifadhiwa kwenye chipu ya kadi. Watengenezaji wengi wakaona ni rahisi zaidi kuiacha nje: kila mashine inapowaka, draiva huichukua fimwea kutoka kwenye diski na kuimimina ndani ya kadi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutolewa ikiwa imefungwa. Unaruhusiwa kuisambaza, lakini huoneshwi msimbo wake wala huwezi kuurekebisha. Na Debian, katika Mkataba wake wa Kijamii wa mwaka 1997, iliahidi kwamba mfumo wake utabaki huria asilimia mia moja.

Wakatimiza ahadi. Debian 6, ya Februari 2011, ilitoka ikiwa na kerneli iliyosafishwa fimwea zote zilizofungwa. Kanuni ilikuwa nzuri, lakini fundi alilipa. Wale mliowahi kununua seva za mtumba zenye kadi za Broadcom za familia ya bnx2 mnakumbuka: kisakinishi kinasimama, kinaomba faili kutoka kwenye flashi nyingine, na faili lenyewe liko kwenye intaneti, nawe huna intaneti kwa sababu kadi ya mtandao ndiyo inayolisubiri faili. Kulikuwa na visakinishi vingine vyenye fimwea ndani, vimewekwa kando na kuandikwa kwamba si rasmi. Aliyejua alivitafuta. Asiyejua alidhani Linux haifanyi kazi, akarudi kwenye nakala ya wizi ya mfumo mwingine.

Mwaka 2022 walipiga kura. Matokeo yalipatikana mwanzoni mwa Oktoba: Mkataba wa Kijamii ubadilishwe, jambo linalohitaji wingi wa tatu kwa moja, na kisakinishi rasmi kiwe kimoja tu, chenye fimwea ndani yake. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo iliyoanza utaratibu huo. Fimwea zilitengewa sehemu yake peke yake kwenye hazina, kisakinishi huziweka pale tu mashine inapozihitaji, na asiyezitaka anaandika firmware=never wakati wa kuwasha.

Waliopinga niliwaelewa, na bado nawaelewa. Siku mtengenezaji akiacha kuijali kadi yake, fimwea iliyofungwa hubaki na matundu yake milele, na hakuna fundi duniani awezaye kuyaziba. Hiyo ni hasara ya kweli kwetu hasa, tunaotumia mashine mpaka ichoke kabisa. Lakini kwa hukumu yangu, waliopiga kura ya ndiyo walikuwa sahihi. Kadi ilihitaji fimwea hiyo iliyofungwa tangu kitambo, Debian ikiileta au isiilete. Uhuru usiomfikia fundi wa wilayani, mwenye flashi moja na bando la siku moja, ulikuwa haujakamilika. Angalau sasa anaingia ndani, na akiwa ndani anaweza kuona kipi kimefungwa na kudai kifunguliwe.

Niguse mambo mawili madogo yaliyowahi kunilia siku nzima. La kwanza ni saa. Mazabodi mpya inaweza kufika ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Hazina za Debian zina saini zenye tarehe, na apt itakataa ikisema faili bado halijaanza kutumika. Kagua saa kabla ya kukagua mtandao. La pili ni majina ya kadi za mtandao. Siku hizi jina kama enp3s0 hutokana na mahali kadi ilipokaa kwenye njia ya PCI. Ukiongeza diski ya NVMe kwenye mazabodi, kadi inaweza kuhama kutoka 3 kuwa 4, mipangilio yako ikabaki inaita jina la zamani, na seva ikanyamaza ilhali iko kilomita mia nne kutoka ulipo. Ukiongeza kifaa, usiondoke chumbani kabla hujawasha upya na kuhakikisha.

Yote niliyosema yanahusu mashine inayoutangulia mfumo. Hapa kwetu kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimewasahau wengi wenu. Seva nyingi za shule na zahanati zetu ni za mtumba, na kwazo mfumo ndio unaoitangulia mashine. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotoka Mei 2025, inadai prosesa yenye maelekezo ya AVX2, ambayo kwa Intel yalianza na kizazi cha Haswell mwaka 2013. Prosesa za Xeon E5 za kizazi cha kwanza na cha pili, ambazo zimejaa kwenye maduka ya mashine zilizotumika, hazinayo. Hazitawasha toleo hilo. AlmaLinux, iliyo ndugu yake, imetengeneza toleo la ziada kwa ajili ya prosesa za zamani kidogo. Debian 13 bado inazipokea prosesa za zamani za biti 64 za Intel na AMD, ingawa imefunga usakinishaji mpya kwenye mashine za biti 32. Kwa hiyo swali la tarehe mbili halina upande mmoja. Muulize msambazaji swali hilo kabla ya kumlipa: prosesa ni ya mwaka gani, kadi ya mtandao ni chipu gani, kadi ya diski ni ipi? Akikuruhusu, chomeka flashi ya mfumo unaowaka bila kusakinishwa, andika lspci -nnk pale pale dukani, na upige picha majibu. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia.

Nilisema nitarudi kwenye ile namba. Wapo wanaoamini kwamba draiva huandikwa Ulaya na Marekani, na sisi kazi yetu ni kusubiri zifike. Lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa nyumbani kwa mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, mwaka 2004, miaka mitano kabla ya waya wa intaneti wa baharini wa SEACOM kufika pwani yetu. Waliofanya kazi ile walikuwa na intaneti ya kusuasua kuliko mliyonayo mifukoni sasa hivi. Nanyi mnachotakiwa kutoa ni kidogo zaidi. Kanuni za kerneli imara za Linux zinaruhusu waziwazi kuongezwa kwa namba mpya za vifaa, kwa hiyo namba iliyoripotiwa vizuri inaweza kuingia hata kwenye kerneli za muda mrefu ambazo seva zetu zinazitumia.

Basi ombi langu ni hili, na ndilo lililonileta hapa. Ukikuta mashine mpya inayokataa, usiifungashe kuirudisha dukani kabla hujafanya jambo moja. Hifadhi majibu ya lspci -nn na dmesg, andika aina ya mashine, andika ulichojaribu na kilichotokea, kiwe kimefaulu au kimeshindikana. Debian wana mahali pa kupokea taarifa hizo hasa, panaitwa installation-reports, na taarifa hutumwa kwa barua pepe ya kawaida. Hawaulizi cheti chako wala nchi unayotoka. Mashine zinazofika kwenye maabara zetu zinaweza kuwa hazijawahi kufika mezani kwa yeyote anayeandika draiva zake. Tarakimu nne za mtengenezaji, nukta mbili, tarakimu nne za kifaa: watumieni.